Chumba Ambamo Magonjwa Mawili Hukutana: Modeli za Hisabati za Maambukizi Mseto ya Njia ya Hewa kwa Mfano wa Kisiwa cha Rusinga

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanahisabati wanavyounda modeli za kuchunguza magonjwa mawili ya njia ya hewa yanapompata mtu mmoja na yanapoenea katika jamii moja. Magonjwa yaliyoteuliwa ni kifua kikuu na UVIKO-19. Mazingira ya mfano ni kisiwa cha Rusinga katika Kaunti ya Homa Bay, Kenya. Makala yanashikilia kwamba magonjwa mawili hayajumlishwi kama zinavyojumlishwa mbili na tatu, kwa kuwa kila moja hubadilisha mwenendo wa jingine. Aidha, yanaonyesha kwamba magonjwa hayo hukutana mlangoni mwa zahanati sawa na yanavyokutana ndani ya mapafu. Inahitimishwa kwamba nambari muhimu zaidi katika modeli hizo hutokana na swali linaloulizwa vizuri, kwa lugha inayoeleweka kwa anayeulizwa.

1.0 Utangulizi

Mtu anapofika katika zahanati akiwa na kikohozi, joto la mwili na uchovu, mhudumu hukabiliwa na dalili zinazoweza kuwa za magonjwa mengi. Huenda ni mafua ya kawaida, nimonia, kifua kikuu au UVIKO-19. Huenda pia mtu huyo ana magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Uwezekano huu wa mwisho ndio unaosahaulika upesi, kwa kuwa mhudumu akishapata jibu la kwanza hana msukumo wa kutafuta jibu la pili.

Historia inaonya dhidi ya usahaulifu huo. Homa kuu ya mwaka 1918 iliua mamilioni ya watu duniani, lakini uchunguzi wa tishu zilizohifadhiwa, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa waliofariki hawakuuawa na kirusi peke yake. Kirusi kiliharibu njia ya hewa, kisha bakteria wa nimonia wakaingia kupitia palipobomolewa. Aliyehesabu kirusi tu, au bakteria tu, aliona nusu ya kisa.

Nchini Kenya, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Ugonjwa huo mpya ulikuta ugonjwa mkongwe ukiwa umejikita. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umekadiria kuwa watu 426 katika kila 100,000 walikuwa na kifua kikuu, na kwamba takribani asilimia 40 ya wagonjwa hawakuwa wamegunduliwa. Katika utafiti huohuo, takribani nusu ya waliopatikana na ugonjwa hawakuwa na kikohozi cha zaidi ya majuma mawili, yaani dalili ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa kuwatambua. Swali lililozuka ni hili: UVIKO-19 ulipoingia katika jamii yenye kifua kikuu kilichojificha, je, magonjwa hayo yalipita kila moja kwa njia yake, au yalisaidiana?

Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mgonjwa mmoja mmoja. Linahitaji chombo cha kufikiria jamii nzima kwa pamoja, nacho ni modeli ya hisabati. Makala haya yanakifafanua chombo hicho kwa msomaji wa Kiswahili. Kisiwa cha Rusinga kimechaguliwa kwa sababu ni mahali padogo panapoweza kufikirika kwa urahisi, na kwa sababu kina historia ya utafiti wa afya uliowahesabu wakazi wake nyumba kwa nyumba. Ieleweke tangu mwanzo kwamba hesabu za mfano zilizomo katika sehemu ya 3.0 na ya 4.0 zimebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi. Si takwimu za Rusinga.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Neno modeli limezoeleka katika maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili. Wako wanaopendelea kielelezo. Hata hivyo, kielelezo huweza kumaanisha mchoro au mfano wa kuigwa, ilhali kinachozungumziwa hapa ni mfumo wa kanuni unaoiga mwenendo wa kitu halisi ili kitu hicho kiweze kuchunguzwa. Makala haya yanatumia modeli.

Ugumu zaidi umo katika kuita hali ya mtu mmoja kuwa na maambukizi mawili. Maneno kadhaa yanajitokeza, na kila neno lina dhana yake ndani. Tukisema maambukizi pacha, tunadokeza kwamba yamezaliwa pamoja, wakati aghalabu moja hutangulia jingine kwa miezi au miaka. Tukisema maambukizi sambamba, tunaleta picha ya mistari miwili isiyokutana kamwe, nayo ni kinyume kabisa cha tunachotaka kueleza. Tukisema maambukizi ya pamoja, msikilizaji anaweza kudhani ni watu wengi walioambukizwa mahali pamoja, kwa mfano arusini au matangani.

Makala haya yanapendekeza maambukizi mseto. Mseto ni chakula cha nafaka na kunde vilivyopikwa katika chungu kimoja. Punje ya mchele na punje ya choroko bado zinatambulikana, lakini kila moja imepata ladha ya mwenzake. Zaidi ya hayo, neno hili limekwishaingia katika uwanja wa tiba. Wagonjwa wa malaria wa Afrika Mashariki wamezoea kusikia dawa mseto, yaani dawa mbili zinazotolewa kwa pamoja. Aliyeelewa dawa mseto hatapata taabu kuelewa maambukizi mseto.

Istilahi ya mwisho ni vyumba. Wanahisabati hugawa jamii katika makundi kulingana na hali ya kila mtu kuhusiana na ugonjwa. Makundi hayo yataitwa vyumba, na njia za kutoka kundi moja kwenda jingine zitaitwa milango. Picha ya nyumba itasaidia kuonyesha hesabu inavyokua.

3.0 Misingi ya Modeli ya Ugonjwa Mmoja

Mwaka 1927, William Kermack na Anderson McKendrick, waliokuwa wakifanya kazi Edinburgh, walichapisha makala yaliyoweka msingi wa modeli za vyumba. Kermack alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kutokana na ajali ya maabara miaka mitatu kabla, na McKendrick alikuwa tabibu aliyewahi kuhudumu India. Kabla yao, Ronald Ross, aliyethibitisha kwamba mbu hueneza malaria, alikuwa amekwisha kutumia hisabati kueleza uenezi huo.

Katika umbo lake rahisi, nyumba ya Kermack na McKendrick ina vyumba vitatu. Chumba cha kwanza ni cha walio hatarini, yaani wanaoweza kuambukizwa. Cha pili ni cha walioambukizwa wanaoweza kuambukiza wengine. Cha tatu ni cha waliopona wakapata kinga. Mlango wa kwanza hufunguka kwa kasi inayotegemea mambo matatu: mtu hukutana na watu wangapi, uwezekano wa ugonjwa kupita katika kila mkutano, na sehemu ya hao anaokutana nao iliyo na ugonjwa.

Tuchukue mwalo wa kubuni wenye watu 1,000. Tuseme 900 wako hatarini na asilimia 2 ya wakazi wote wana ugonjwa unaoambukiza. Kila mtu hukutana kwa karibu na watu 10 kwa siku, na kila mkutano na mgonjwa una uwezekano wa asilimia 5 wa kupitisha ugonjwa. Hatari ya mtu mmoja kwa siku ni 10 mara 0.05 mara 0.02, ambayo ni 0.01. Hivyo basi, katika watu 900 walio hatarini, tunatarajia watu 9 waambukizwe siku hiyo. Kesho yake walio hatarini wamepungua na wagonjwa wamebadilika idadi, kwa hiyo hesabu inarudiwa upya. Modeli ni urudiaji huo uliopangwa kwa kanuni.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana nambari mashuhuri, yaani idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza katika jamii ambayo hakuna mwenye kinga. Nambari hiyo ikizidi 1, ugonjwa huenea. Ikiwa chini ya 1, hufifia. Nayo hutegemea kwa kiasi kikubwa muda ambao mgonjwa hukaa katika chumba cha pili. Anayetibiwa mapema hutoka chumba hicho mapema.

Kifua kikuu hakiingii vizuri katika vyumba hivyo vitatu. Wengi wanaoambukizwa hawaugui. Vimelea hulala mwilini bila dalili na bila kuambukiza wengine. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takribani robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na kwamba kati ya asilimia 5 na 10 ya walioambukizwa ndio wanaokuja kuugua katika maisha yao. Wahenga waliposema mwenye kovu usidhani kapoa hawakuwa wakizungumzia kifua kikuu, lakini methali hiyo inakieleza barabara. Modeli yake huhitaji chumba cha waliolalwa na vimelea, na mlango unaoweza kufunguka baada ya miezi au baada ya miongo.

4.0 Nyumba ya Magonjwa Mawili

4.1 Vyumba vinavyozidishana

Tuseme kifua kikuu kina vyumba vitatu: asiyeambukizwa, mwenye vimelea vilivyolala, na mgonjwa. UVIKO-19 nao una vitatu: aliye hatarini, mgonjwa, na aliyepona. Msomaji anaweza kudhani kwamba nyumba ya magonjwa yote mawili ina vyumba sita. Sivyo. Kila hali ya ugonjwa wa kwanza yaweza kuambatana na kila hali ya ugonjwa wa pili, kwa hiyo vyumba ni 3 mara 3, yaani tisa. Tukiongeza hali ya virusi vya UKIMWI, mwenye navyo na asiye navyo, vinakuwa 18. Katika eneo linalojadiliwa nyongeza hiyo haiepukiki: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi hivyo, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9.

Kati ya vyumba hivyo tisa vya awali, kimoja ni kidogo kuliko vingine karibu vyote: chumba cha mtu anayeugua kifua kikuu na UVIKO-19 kwa wakati mmoja. Udogo huo hutokana na tofauti ya kasi. UVIKO-19 huchukua siku au majuma. Kifua kikuu huchukua miezi. Ni kama mitumbwi miwili ziwani, mmoja wa injini na mwingine wa makasia: hukutana kwa kitambo tu, kisha mmoja hupotea. Hata hivyo, kinachotokea katika kitambo hicho chaweza kubadili safari ya mtumbwi uliobaki.

4.2 Njia tatu za kukutana

Njia ya kwanza ni mwili. Ugonjwa mmoja waweza kumfanya mtu aambukizwe jingine kwa urahisi zaidi, augue zaidi, au afe kwa wepesi zaidi. Utafiti kuhusu Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2020, ulipata kwamba wenye kifua kikuu walikuwa na hatari ya kufa kwa UVIKO-19 mara 2.70 ya wasio nacho, na wenye virusi vya UKIMWI mara 2.14 ya wasio navyo, baada ya umri na maradhi mengine kuzingatiwa. Nambari kama hizo huitwa vizidishi vya mwingiliano. Kizidishi kikiwa 1, magonjwa yamepuuzana. Kikizidi 1, yamesaidiana. Kikipungua chini ya 1, moja limelizuia jingine.

Njia ya pili ni mazingira. Chumba cha kulala kisicho na dirisha na matatu iliyojaa abiria hupitisha magonjwa yote mawili. Hapa hakuna ugonjwa unaousaidia mwingine, ila yote mawili yanasaidiwa na hewa ileile. Modeli isiyotenganisha njia hii na ile ya kwanza itadhani imegundua siri ya mwili, kumbe imegundua nyumba duni.

Njia ya tatu ni huduma za afya. Magonjwa mawili yanaweza kusaidiana hata kama ndani ya mwili hayajuani. Tuseme mgonjwa wa kifua kikuu asiyetibiwa huambukiza watu wanane kwa mwaka. Akigunduliwa baada ya miezi mitatu, ameambukiza wawili. Ikiwa hofu ya UVIKO-19, au amri ya kutotoka, imemfanya akae nyumbani na agunduliwe baada ya miezi tisa, ameambukiza sita. Kirusi hakikugusa mapafu yake wala kimelea cha kifua kikuu, lakini kimeongeza wagonjwa wanne. Jambo hili lilitokea duniani kwa ukubwa. Wagonjwa wapya wa kifua kikuu walioandikishwa walikuwa takribani milioni 7.1 mwaka 2019, wakashuka hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukuwa umepungua kwa kiasi hicho. Waliopungua ni waliogunduliwa.

4.3 Mtego wa rejista

Kizidishi cha mwingiliano hupimwa wapi? Jibu la haraka ni kwenye rejista ya zahanati. Jibu hilo lina mtego, na mfano wa kubuni utauonyesha.

Katika mwalo wa watu 2,000, watu 200 wana ugonjwa wa kwanza na 200 wana wa pili. Magonjwa hayahusiani kabisa, kwa hiyo walio na yote mawili ni asilimia 10 ya 200, yaani 20. Tuseme kila ugonjwa humpeleka nusu ya wagonjwa wake katika zahanati. Wenye ugonjwa wa kwanza tu ni 180. Watakaofika ni 90. Wenye wa pili tu ni 180; watakaofika ni 90. Wenye yote mawili wana sababu mbili za kwenda, kwa hiyo robo tu ndio watakaobaki nyumbani, na 15 watafika. Mhudumu anayepima kila mtu kwa magonjwa yote mawili atawaona wagonjwa 105 wa ugonjwa wa kwanza, na 15 kati yao wana wa pili. Hiyo ni mmoja kati ya saba, ilhali kijijini ni mmoja kati ya kumi. Magonjwa yasiyohusiana yameonekana yanahusiana, kwa sababu tu waliohesabiwa ni waliokuja.

Upande wa pili wa mtego ni mbaya zaidi. Mhudumu anayeacha kupima mara apatapo jibu la kwanza atawaandika wale 15 kama wenye ugonjwa mmoja. Rejista yake itaonyesha kwamba maambukizi mseto ni sifuri. Zahanati mbili zinazohudumia kijiji kimoja zinaweza kutoa majibu mawili, la kuzidisha na la kufuta kabisa, na yote mawili yakawa yameandikwa kwa uaminifu.

5.0 Mifano ya Modeli Nchini Kenya

Modeli mojawapo ya maambukizi mseto iliyo karibu na Rusinga kijiografia ni ya Kisumu, ng'ambo ya Ghuba ya Winam. Mwaka 2006, Laith Abu-Raddad na wenzake walichapisha katika jarida la Science modeli ya virusi vya UKIMWI na malaria. Malaria si ugonjwa wa njia ya hewa, lakini mantiki ni ileile. Kila kipindi cha malaria huongeza kwa muda wingi wa virusi vya UKIMWI mwilini, na upungufu wa kinga huongeza malaria. Walikadiria kwamba katika mji wenye watu wazima takribani 200,000, tangu mwaka 1980 mwingiliano huo huenda ulisababisha maambukizi 8,500 ya ziada ya virusi vya UKIMWI na vipindi 980,000 vya ziada vya malaria. Kizidishi kilichoonekana kidogo kwa mtu mmoja kilikuwa kikubwa kwa mji.

Kwa magonjwa ya njia ya hewa, mfano bora unatoka Kilifi. Kati ya Desemba 2009 na Juni 2010, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walifuatilia nyumba 47 zenye watu 493, wakichukua vipimo vya pua mara mbili kwa juma, awe mtu anaumwa au haumwi. Walichunguza kirusi cha RSV, kinachowasumbua sana watoto wachanga na ambacho kina makundi mawili, A na B. Kwa kuwa watu walipimwa bila kusubiri waugue, mtego wa rejista uliepukwa. Ilidhihirika kwamba mara nyingi kirusi kiliingizwa nyumbani na watoto wakubwa wanaokwenda shule, na baadaye data hiyo ikatumiwa kuunda modeli iliyofuata makundi yote mawili ndani ya nyumba moja.

UVIKO-19 nao ulitoa funzo. Uchunguzi wa damu za wachangiaji 3,098 kote nchini, uliofanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, ulikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu walikuwa wamekwisha kuambukizwa, kiwango kilichozidi sana idadi iliyotangazwa. Modeli iliyochapishwa mwaka 2021 iliyaeleza mawimbi mawili ya kwanza ya Kenya kwa kuwagawa wakazi makundi mawili: wasioweza kupunguza shughuli zao za kila siku, na wanaoweza. Wa kwanza waliambukizwa mapema. Wa pili walifuata vizuizi vilipolegezwa. Katika modeli hiyo, chumba cha mtu kilitegemea kipato chake pia.

6.0 Rusinga: Modeli Inapokutana na Kisiwa

Rusinga ni kisiwa cha takribani kilomita za mraba 44 upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Kiliunganishwa na mji wa Mbita kwa tuta katika miaka ya 1980, na baadaye kwa daraja. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Wenyeji wengi ni wa asili ya Kisuba, ambao kwa vizazi kadhaa wamekuwa wakisema Kijaluo. Uvuvi na kilimo ndiyo mihimili ya uchumi.

Kati ya mwaka 2012 na 2015, kisiwa hiki kilikuwa uwanja wa mradi wa SolarMal, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen, kituo cha icipe na taasisi ya afya ya Uswisi. Nyumba za wakazi takribani 25,000 ziliwekewa, kwa awamu, mitego ya mbu inayotumia nguvu za jua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: palipokwisha kuwekwa mitego, kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa asilimia 29.8 kuliko pale ambapo haikuwa imewekwa. Kwa mada ya makala haya, funzo kuu ni namna ya kuhesabu. Wakazi walitembelewa nyumbani kwao, wakaandikishwa, wakafuatiliwa, hawakusubiriwa waje.

Je, modeli ya kifua kikuu na UVIKO-19 ingekabili nini hapa? Kwanza, kisiwa si chungu kilichofunikwa. Wavuvi huhama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine wakifuata samaki, na daraja limekifanya kisiwa kuwa sehemu ya bara. Dhana kwamba idadi ya watu haibadiliki, inayorahisisha hesabu za vitabuni, inalegea. Pili, watu hawachanganyiki kwa usawa. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wakitumia taa, na wachuuzi, ambao wengi ni wanawake, huwasubiri ufuoni alfajiri. Watu wale wale hukutana kila siku kwa saa chache, kisha wavuvi hulala zahanati ikiwa wazi. Mtu wa namna hiyo atachelewa kugunduliwa si kwa ukaidi bali kwa ratiba. Katika modeli, ratiba hiyo huonekana kama siku za ziada katika chumba cha wanaoambukiza.

Tatu, na hapa ndipo somo la lugha linaporejea, kuna swali lenyewe. Uchunguzi wa awali wa kifua kikuu huuliza kuhusu kikohozi, joto la mwili, kutokwa na jasho usiku na kupungua uzito. Fomu nyingi za afya nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Mhudumu wa jamii huigeuza papo hapo kwa Kiswahili au Kijaluo akiwa amesimama uani mwa mtu. Katika Kiswahili, neno atakalolifikia kwanza ni homa. Kwa Mtanzania, mwenye homa ni mwenye joto la mwili. Kwa Wakenya wengi, mwenye homa ni mwenye mafua, anayetiririkwa na kamasi. Hivyo basi, mtu mwenye mafua mepesi hujibu ndiyo, na mtu anayelowa jasho kila usiku, lakini pua yake kavu, hujibu la. Wa kwanza anapelekwa kupimwa UVIKO-19. Wa pili anabaki katika chumba ambacho hakuna aliyekifungua.

Kwa upande wa Kijaluo kuna neno chira, linalotaja hali ya kudhoofika inayohusishwa na ukiukaji wa miiko. Anayekonda kwa kifua kikuu aweza kuelezwa kwa neno hilo na jamaa zake, na safari ya matibabu ikaanzia kwa wazee kabla ya kufika zahanati. Si kazi ya modeli kuikejeli imani hiyo. Kazi yake ni kutambua kwamba kila neno ambalo jamii hulitumia kwa dalili huelekeza mguu wa mgonjwa, na kwamba mguu huo ndio unaoamua siku ngapi atakaa akiambukiza.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba modeli ya maambukizi mseto hujengwa kwa kuzidisha vyumba na kwa kutafuta vizidishi vya mwingiliano. Yamebainisha kwamba magonjwa mawili hukutana mwilini, katika mazingira na katika huduma, na kwamba asiyetenganisha njia hizo ataulaumu mwili kwa kosa la dirisha au la foleni. Yameonyesha pia kwamba rejista ya zahanati pekee inaweza kuyazidisha maambukizi mseto au kuyafuta.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 haukuwa tena dharura ya kimataifa, lakini kirusi hakikutoweka, na kifua kikuu hakikuwa kimeondoka wakati wowote. Mapendekezo mawili yanafuata. Mosi, anayekohoa apimwe kwa magonjwa yote mawili hata baada ya jibu la kwanza kupatikana, na baadhi ya upimaji ufanywe nyumbani kwa watu, kama ilivyofanyika Kilifi kwa madhumuni mengine. Pili, maswali ya uchunguzi yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji kabla ya mhudumu kuondoka ofisini, na yajaribiwe kwa wasemaji wa eneo husika. Badala ya homa pekee, swali litaje joto la mwili, na liulize kando kuhusu mafua.

Kazi hii ya pili haiwezi kuachiwa wanahisabati. Wao wanaweza kuhesabu kila mlango wa nyumba yenye vyumba tisa au 18, lakini hawawezi kujua kwamba neno moja limemweka mgonjwa katika chumba asichokuwamo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeielewa tofauti ya homa ya Mbita na homa ya Morogoro ana nafasi katika meza ile ambapo modeli huundwa. Akikosekana hapo, hesabu itakuwa sahihi na jibu litakuwa la watu wengine.